UZI: Dunbar, sekondari ya Washington ambako wenye shahada za uzamivu walifundisha watoto Kilatini na hesabu

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Naomba leo tuizungumzie shule moja tu, na ndani ya shule hiyo tuwatazame walimu na masomo yao. Majengo na mabasi ya shule tuyaweke kando.

Shule ni Dunbar, iliyokuwa First Street, kaskazini-magharibi mwa jiji la Washington. Ilikuwa ya watoto Weusi peke yao, maana mji mkuu wa Marekani uliwatenga wanafunzi kwa rangi mpaka mwaka 1954. Ilianza 1870 katika chumba cha chini cha kanisa la Wapresbiteri. Mwaka 1891 ikahamia M Street na kuchukua jina la mtaa huo, kisha 1916 ikapata jengo kubwa na jina la mshairi Paul Laurence Dunbar. Kipindi ninachokitaka hasa ni kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya 1950, ila nitarudi nyuma mara kwa mara, kwa sababu walimu wa kipindi hicho wengi walifundwa na waliowatangulia palepale.

Kilichonivuta ni mwezi Juni wa 1921. Katika mwezi huo mmoja, kwa kupishana siku chache, wanawake Weusi watatu walitunukiwa shahada ya uzamivu. Hakuna mwanamke Mweusi wa Marekani aliyekuwa ameipata kabla yao. Georgiana Simpson aliipata Chuo Kikuu cha Chicago katika Kijerumani, Sadie Mossell aliipata Pennsylvania katika uchumi, Eva Dykes aliipata Radcliffe katika Kiingereza. Simpson alikuwa mwalimu wa Dunbar. Mossell alikuwa amehitimu M Street. Dykes alikuwa amehitimu M Street na akawa mwalimu Dunbar. Wote watatu, shule moja ya sekondari.

Sasa mtu ana uzamivu wa Chicago, kwa nini yuko mbele ya darasa la watoto wa miaka kumi na tano akisahihisha imla? Kwa sababu vyuo vya Weupe havikumwajiri Mweusi hata awe na karatasi gani, vyuo vya Weusi vilikuwa vichache, na kwa mwanamke mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Washington ilikuwa na jambo moja ambalo majimbo ya kusini hayakuwa nalo: mji ulikuwa chini ya serikali kuu, na walimu Weusi walilipwa kwa ngazi ileile ya walimu Weupe. Basi wasomi waliofungiwa milango kwingine wakakusanyika pale. Carter G. Woodson, mwenye uzamivu wa Harvard wa 1912, alifundisha hapo Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na historia. Huyu ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ya historia ya Weusi, ambayo leo ni mwezi mzima.

Ninachokisema katika uzi huu ni hiki: ubora wa Dunbar ulitoka kwa mwalimu anayelijua somo lake hadi mzizi, akamfundisha mtoto bila kumpunguzia. Na walimu hao walikuwa pale kwa sababu ya dhuluma. Mambo hayo mawili ni lazima yakae pamoja, ukiondoa moja unaharibu habari yote.

#2

Mleta uzi, hongera kwa mada. Ila hebu fafanua, walikuwa wanasoma nini hasa? Isije ikawa ni majina makubwa tu ya walimu.

#3 (mleta uzi)

Swali zuri mkuu. Ratiba ilikuwa ya kumwandaa mtoto aende chuo, na si chuo chochote, bali vile vikali vya kaskazini kama Amherst, Smith, Harvard na Oberlin. Kulikuwa na Kiingereza cha kuandika insha na kusoma fasihi, aljebra, jiometria, fizikia, kemia, historia, na lugha: Kilatini, Kifaransa, Kihispania.

Kilatini nakipa nafasi ya pekee. Leo mtu atauliza kilikuwa na faida gani kwa mtoto wa dobi. Faida yake ya kwanza ilikuwa kwamba vyuo vikubwa vilikidai au kukithamini, kwa hiyo asiyekisoma alikuwa amefungiwa mlango kabla hata ya kuomba. Walimu wa Dunbar walilijua hilo vizuri, kwa sababu wao wenyewe walipitia milango hiyo.

Mmoja wao ni Mary Gibson Hundley. Alihitimu M Street, akaenda Radcliffe, akarudi kufundisha Kilatini. Miaka ya 1940 alisimamia ofisi ya shule iliyowatafutia wanafunzi nafasi na misaada ya ada vyuoni. Yaani asubuhi anafundisha vitenzi vya Kilatini, mchana anaandika barua kwa vyuo ili mtoto wake asikose fedha.

Na huyu mama alikuwa na vita vingine nyumbani. Yeye na mumewe walinunua nyumba kwenye mtaa ambao hati za viwanja zilikataza kuuziwa Weusi. Majirani wakawashtaki. Kesi ilifika mahakama ya rufaa ya Washington mwaka 1942 na akina Hundley wakashinda. Wakili wao alikuwa Charles Hamilton Houston, mhitimu wa M Street wa mwaka 1911. Hebu fikirini mwanafunzi anayeingia darasani kwa mwalimu huyo akijua kwamba jana alikuwa mahakamani akitetea haki ya kulala nyumbani kwake mwenyewe.

Kiingereza na maigizo vilikuwa na Mary Burrill, mwandishi wa tamthilia, aliyefundisha hadi 1944. Kwenye Kiingereza aliwahi kuwepo pia Angelina Weld Grimké, mshairi. Kifaransa kiliwahi kushikwa na Jessie Fauset, ambaye baadaye alikuwa mhariri wa fasihi wa The Crisis, jarida la chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP. Niishie hapo kwenye majina, la sivyo sitamaliza.

#4

Mkuu samahani, mimi naona kuna tatizo. Watu wametoka utumwani juzi, wana njaa, unawafundisha Kilatini? Si afadhali useremala na ushonaji wapate riziki? Hata huku kwetu tunalia kila siku elimu haina ufundi.

#5 (mleta uzi)

Ndugu yangu, hoja yako ni ya zamani sana na ilikaribia kuiua shule hii. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu habari hii inafika mpaka Kenya.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini mtu mwenye sauti kubwa katika elimu ya Weusi Marekani alikuwa Booker T. Washington, aliyehimiza ufundi wa mikono. Matajiri Weupe waliopenda wazo hilo walitoa fedha. Mwaka 1902 mji wa Washington ulifungua shule ya ufundi ya Armstrong, karibu kabisa na M Street. Ufundi wenyewe haukuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwamba wenye mamlaka walitaka ufundi uwe ndiyo kikomo cha mtoto Mweusi.

Mkuu wa M Street kuanzia 1902 alikuwa Anna Julia Cooper. Alizaliwa mtumwa North Carolina mwaka 1858, akasoma hisabati Oberlin. Alikataa kupunguza mtaala. Aliendelea kuwaandaa wanafunzi kwa vyuo vikuu, na wakaingia hadi Harvard. Akaandamwa kwa tuhuma za kila aina, na mwaka 1906 bodi ikakataa kumwongezea muda. Miaka minne baadaye akarudi shule ileile kama mwalimu wa kawaida wa Kilatini, akafundisha mpaka 1930. Katikati ya hayo alichukua kulea watoto watano wa ukoo wake waliofiwa na mama, na mwaka 1925 alitetea tasnifu yake ya uzamivu Paris, kwa Kifaransa, juu ya Ufaransa na utumwa wakati wa mapinduzi yao. Alikuwa amepita miaka sitini na mitano.

Sasa njooni huku kwetu. Mwaka 1917 bwana Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha katika taasisi ya ufundi ya Hampton huko Virginia, alitoa ripoti nzito iliyopendekeza ufundi na kilimo kwa Weusi wa Marekani. Woodson, yule mwalimu niliyemtaja, alimpinga waziwazi, na msomi mwenzake Mweusi W.E.B. Du Bois pia. Jones huyohuyo ndiye aliyeongoza tume ya Phelps-Stokes iliyokuja Afrika Mashariki mwaka 1924 na kuishauri serikali ya mkoloni juu ya elimu ya Waafrika. Mwaka uliofuata Kabete, karibu na Nairobi, ikapata Jeanes School, shule ya kuandaa walimu wa vijijini, kwa mfano uleule wa kusini mwa Marekani na kwa jina la tajiri wa Philadelphia aliyefadhili shule za Weusi vijijini.

Kwa hiyo ukisema "afadhali useremala", ujue sentensi hiyo ilishasafiri kutoka Virginia hadi Kabete ikiwa mikononi mwa watu ambao watoto wao wenyewe walisoma Kilatini. Mimi nautaka ufundi shuleni. Sitaki mtu mwingine amkatie mtoto kikomo kabla hajaingia darasani.

#6

Huyo Anna Cooper nimemkumbuka! Mimi niko Maryland, nina pasipoti ya Marekani, na kwenye kurasa zake kuna maneno ya watu mashuhuri. Jina lake lipo.

#7 (mleta uzi)

Ndiye huyo dada. Ni mwanamke pekee aliyenukuliwa katika kurasa zile. Alifariki 1964 akiwa na miaka 105, miezi michache kabla sheria ya haki za kiraia haijasainiwa.

#8

Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari ya kata. Nimesoma yote kwa utulivu. Lugha na fasihi nimeelewa. Hesabu je? Maana huko ndiko watoto wetu wanakoumia.

#9 (mleta uzi)

Mwalimu, asante sana kwa kuuliza, sehemu hii nilikuwa naitunza.

Mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kupata uzamivu wa hisabati ni Euphemia Lofton Haynes, mwaka 1943, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Amerika, hapohapo Washington. Alihitimu M Street mwaka 1907 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alianza na darasa la kwanza la shule ya msingi, akafundisha hesabu Armstrong, na Dunbar akawa mkuu wa idara ya hisabati. Akahamia Chuo cha Ualimu cha Miner, kilichowaandaa walimu Weusi wa mji huo, na huko ndiye aliyeianzisha idara ya hisabati. Kwa jumla alifundisha miaka 47 katika shule za umma za Washington. Mwalimu, zingatia njia aliyopita: aliwafundisha watoto wadogo, akawafundisha wakubwa, halafu akawafundisha watakaowafundisha. Mwalimu wa hesabu aliyeingia darasani Washington miaka ya 1940 huenda alikuwa amepita mikononi mwake.

Wa pili ni Evelyn Boyd, baadaye Granville. Huyu ni mtoto wa Dunbar kabisa, alihitimu 1941 akiongoza darasa lake. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa majumbani kabla ya kupata kazi katika kiwanda cha serikali cha kuchapa noti. Yeye mwenyewe aliwataja kwa majina walimu wawili wa hesabu wa Dunbar waliomsukuma mbele: Mary Cromwell na Ulysses Basset. Akaenda Smith, kisha Yale, akapata uzamivu wa hisabati 1949. Baadaye akiwa IBM aliandika programu za kompyuta za kukokotoa njia za vyombo vya anga katika miradi ya Vanguard na Mercury.

Huyo Cromwell ana dada yake, Otelia. Otelia ndiye Mweusi wa kwanza kuhitimu Smith, mwaka 1900, akafundisha M Street, halafu akapata uzamivu Yale mwaka 1926. Miaka 41 baada yake, mwanafunzi wa mdogo wake anaingia Smith na kuelekea Yale. Mtoto yule hakuhitaji kuambiwa kwamba inawezekana, watu waliowahi kufika walikuwa mbele yake wakiandika ubaoni.

Kuhusu ufundishaji wenyewe, mwalimu, hapakuwa na muujiza. Madarasa yalijaa. Vifaa havikuwa vya ajabu. Kilichokuwepo ni mtu anayejua hesabu mbali zaidi ya kitabu anachofundishia, kwa hiyo mtoto akiuliza swali la nje ya kitabu hakemewi.

#10

Naomba niwe tofauti. Mleta uzi unaandika kwa mapenzi hadi naona kama unasifu ubaguzi. Na nimewahi kusoma kwamba Dunbar ilikuwa shule ya matajiri Weusi wenye ngozi nyeupe, wakiwadharau wengine. Hilo mbona hulisemi?

#11 (mleta uzi)

Nalisema, na asante kwa kunisukuma.

Kwanza, tuhuma ya matabaka ilikuwepo na ilikuwa na mashiko. Familia za madaktari, mawakili na wafanyakazi wa serikali zilijaa pale, na waliosoma enzi hizo wapo waliosimulia kwamba ngozi na jina la baba vilipimwa. Lakini si kweli kwamba ilikuwa ya matajiri tu. Granville nimeshawaeleza. Charles Drew, mhitimu wa 1922, yule daktari wa hifadhi ya plazma ya damu, baba yake alikuwa fundi wa kutandika mazulia.

Pili, ubaguzi. Hakuna ubishi kwamba ulikuwa uovu, na ushahidi uko kwa watoto wengine wa mji uleule. Dunbar moja haikuweza kubeba watoto wote Weusi. Mwaka 1947 shule ya Browne, ya madarasa ya kati, ilikuwa imefurika hata watoto wanaingia kwa zamu, wakati shule za Weupe zilikuwa na viti vitupu. Kinyozi mmoja, Gardner Bishop, akawaongoza wazazi kugoma kupeleka watoto shule. Bishop alikuwa na uchungu na tabaka la juu la Weusi, aliona halijali watoto wa vinyozi na madereva. Hata hivyo alikwenda kwa Charles Houston, mtoto wa tabaka hilohilo na wa M Street, na Houston akaichukua kazi. Houston alipougua, akakabidhi kesi kwa wakili mwenzake James Nabrit. Mwaka 1950 Bishop akaongoza watoto hadi mlango wa shule mpya ya Weupe iitwayo Sousa, wakakataliwa, na hapo ikazaliwa kesi ya Bolling dhidi ya Sharpe. Tarehe 17 Mei 1954, siku ileile ya hukumu maarufu ya Brown iliyokataza utengano katika shule za majimbo, Mahakama ya Juu ikapiga marufuku utengano katika shule za Washington. Houston hakuiona siku hiyo, alifariki 1950.

Kwa hiyo waliouvunja ubaguzi walikuwa pamoja na watu waliosomeshwa na shule ya ubaguzi. William Hastie, mhitimu wa Dunbar 1921 na jaji wa kwanza Mweusi wa shirikisho, alikuwa bega kwa bega na Houston katika harakati hizo. Nawasifu walimu. Ukuta uliowafungia siusifu.

#12

Umejibu kiungwana. Mimi nauliza la mwisho: baada ya 1954 ikawaje? Maana nasikia shule ilishuka.

#13 (mleta uzi)

Ilishuka, na sababu zake watu hubishana mpaka leo. Nitawapa zile zilizo wazi.

Kabla ya 1954 Dunbar ilichukua watoto Weusi wa mji mzima waliotaka kwenda chuo. Kuna familia zilihamia Washington kwa ajili ya shule hiyo tu. Utengano ulipofutwa, kila shule ikapewa eneo lake, na Dunbar ikawa shule ya mtaa wake, mtaa maskini. Darasa la 1955, ambalo alikuwemo Eleanor Holmes Norton aliyekuja kuwa mwakilishi wa Washington bungeni, ndilo linalotajwa kuwa la mwisho la Dunbar ya zamani. Wakati huohuo milango ya vyuo na ofisi ikaanza kufunguka kwa wasomi Weusi. Msomi aliyekuwa hana pa kwenda ila Dunbar sasa alikuwa na pa kwenda. Haki ilikuwa yake. Ila hakuna aliyepanga nani atachukua nafasi yake ubaoni.

Halafu ikaja michepuo. Mwaka 1956 sekondari za Washington ziligawa wanafunzi katika ngazi nne, kutoka wale wa juu kabisa hadi mchepuo wa chini uliowapa watoto mambo mepesi tu. Aliyeusimamia mpango ni Carl Hansen, baadaye mkuu wa shule zote za mji. Watoto Weusi na maskini walirundikwa chini, na aliyetupwa chini mara nyingi alibaki huko. Mnaona? Ni hoja ileile ya mwaka 1902 imerudi kwa mlango wa nyuma, ya kumkatia mtoto kikomo mapema.

Na nani akasimama kuipinga? Euphemia Haynes. Alistaafu 1959, mwaka uliofuata akaingia kwenye bodi ya shule, akapambana na michepuo hiyo mfululizo. Mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza bodi hiyo. Mwanaharakati Julius Hobson akafungua kesi, na Juni 1967 Jaji Skelly Wright akaamuru michepuo ifutwe. Hansen akajiuzulu. Haynes wakati huo alikuwa na miaka 76.

#14

Mimi yule mwalimu wa hesabu. Nitauchapa huu uzi niubandike ofisi ya walimu. Kitu kimoja tu: yule mama Haynes aliacha chochote?

#15 (mleta uzi)

Mwalimu, alifariki 1980 na kukiachia chuo chake cha Kikatoliki dola 700,000, zikatumika kwa kiti cha profesa katika kitivo cha elimu na mfuko wa mikopo ya wanafunzi. Fedha za mwalimu wa shule za umma, hizo.

Jengo la 1916 lilibomolewa 1977 licha ya wahitimu kupinga. Likajengwa jingine, nalo likabadilishwa 2013. Shule ipo na jina ni lilelile.

Kuna aliyeniandikia inboksi akitaka na upande wa Armstrong, ile ya ufundi. Nitaileta kwenye uzi wake, maana haki yake haijatendeka hapa: Duke Ellington alisoma pale, na walimu wake wa ufundi walikuwa na viwango vyao. Nitaunganisha na Cardozo, ya biashara, iliyohamia 1950 katika jengo kubwa lililokuwa la Weupe. Wenye vitabu au makala kuhusu Jeanes School ya Kabete naomba mniwekee hapa chini, hasa kama kuna aliye na mzee aliyesoma pale.